Bado

Saa kumi na mbili na nusu, redio juu ya friji
ikatuamrisha kama kila asubuhi:
inua mikono, pumua, shusha.
Miaka arobaini na moja tumeitii.
Mkono wa kushoto ulipanda.
Wa kulia ulibaki pajani
kama mgeni asiyejua taratibu za nyumba.

Nilicheka, Tokuji. Nakiri hapa.
Nilidhani unanitania,
wewe uliyewahi kuoga na kofia ya stesheni kichwani.
Kisha nikaona mdomo umeteleza upande mmoja
kama zulia lililovutwa,
chai ikishuka kidevuni, nawe huna habari nayo.

Theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha.
Gari la wagonjwa lilikuja nyuma ya greda,
taa zikizunguka, mwendo wa madaha,
kama msafara wa harusi.
Kiharusi, alisema kijana wa machela,
akaitazama saa yake.

Daktari, binti mwenye mafua, hakuuliza jina lako.
Aliuliza: mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa lini?
Nikamjibu kwa dakika.
Akanitazama kama niliyemletea dhahabu.
Wengi huamka nacho, alisema, hatujui kimeanza saa ngapi.
Wakakudunga dawa ya kuyeyusha bonge la damu.
Sikumwambia kwamba redio ndiyo iliyojua.
Mimi nilikuwa nacheka.

Ninachokijua mimi ni chumvi.
Mwaka nilioolewa mama yako alinikabidhi pipa la figili,
akanionyesha kwa kiganja chake:
konzi, konzi, na nusu konzi,
maana baridi ya Yokote ni ndefu na mboga hazina subira.
Nesi wa wilaya, Bi Oyamada,
alipita na kichupa kupima mchuzi wa kila nyumba.
Nilimpa niliouzimua kwa maji.
Jioni nikakupakulia wa kweli.
Ukasema, mtamu.

Na vidonge vya presha ulivimeza siku ulizojisikia vibaya tu,
wala hukuwahi kujisikia vibaya.
Nani amtoze nani faini?

Miezi mitano ya mazoezi.
Mguu ulirudi, umeongozana na fimbo.
Mkono ulirudi nusu: unashika bakuli
endapo hulitazami.
Maneno hayakurudi, ila moja.

Bado.

Ndilo ulilowagawia abiria miaka thelathini,
reli zimefukiwa, ndevu zako zimeganda:
bado, mama, bado, treni haijatoka Omagari.

Sasa nakuuliza, umeshiba? Bado.
Una baridi? Bado.
Huyu ni nani? Nakuonyesha picha ya Shunpei,
mwana wetu uliyemfundisha kuendesha baiskeli.
Unaitazama sana. Jasho linakutoka.
Bado.
Mtaalamu wa usemi anaandika kitu kwenye faili,
kalamu yake ina kengele ndogo isiyolia.

Usiku mmoja, baada ya kukuogesha,
nilikaa kwenye vigae, mgongo unawaka,
nikasema kwa sauti: nimechoka, mume wangu, natamani yaishe.
Ukanijibu pale juu ya kigoda,
uchi, maji yakikudondoka masikioni.
Lile lile neno.
Sijui kama ulinielewa.
Nilikukausha, nikakuvalisha soksi,
ya kulia kwanza, kama tulivyofundishwa.

Siku hizi mchuzi wangu hauna ladha ya chochote.
Asubuhi hii umeuonja,
umenitazama kwa jicho la zamani la mkaguzi wa tiketi,
umelisukuma bakuli mbali nawe
kwa mkono wa kulia.

Nimepima mezani kwa vidole.
Vidole viwili.
Jana kilikuwa kimoja.